Hakuna Aliyeshuka

Kalubamba, Ziwani
Jumapili, 17 Agosti 2025

Dada yangu mpendwa Angela,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua, hata ukiwa na kichanga mgongoni hukai kitako mtu akakuona. Afya yako inaendeleaje? Maziwa yanatoka ya kutosha? Mwambie mama asikuache ubebe maji mpaka arobaini itimie, na akijifanya hasikii mwambie mimi ndiye niliyesema, maana mimi ananiogopa kidogo. Nasikia mtoto amechukua paji la uso la baba yake. Mimi mama yake mdogo sijamwona hata kwenye picha, na kosa hilo ni langu. Goti la baba limepoa? Mpunga umeshaingia ndani wote, au kaka Ponsian bado anasubiri jirani amuazime trekta?

Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma humu, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako kwanza.

Barua hii nimempa katekista Salvatori, anayekuja huko Kasansa kwenye semina ya parokia. Nimemwapisha aiweke mkononi mwako na si mwa baba. Sikupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi inalala mfukoni mwa baba, na maneno haya sitaki yasomwe kwanza kilabuni. Pia nina deni la jibu kwako. Wiki tatu zilizopita uliniandikia ujumbe mfupi: "Scola, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli, Lyamba alimpiga yule mtu?" Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua, nitakutafuta. Mtandao ulikuwa haujawahi kuwa mzuri kama siku ile.

Uliondoka hapa mwanzoni mwa mwezi wa sita kwenda kujifungulia nyumbani, kwa hiyo hukuyaona yaliyofuata. Wiki moja baada ya wewe kuondoka, boti yenye watu wenye bunduki iliwavamia wavuvi wetu katikati ya ziwa. Walitaka injini. Amosi, yule aliyekuwa akikuletea migebuka na kukutania kwamba ng'ombe wa mumeo wananuka kuliko samaki wake, aliishikilia injini yake kwa mkono wa kushoto, wakaukata mkono kwa panga, ukabaki ndani ya boti. Mwenzake walimpiga risasi ya tumbo. Walipofika ufukoni wanawake walimfunga kwa vitenge vyao, matumbo yakiwa nje, naye akawa anaomba maji, na hakufika jioni. Siku kumi baadaye walirudi tena, wakachukua injini nne na kumpiga mzee mmoja kwa kitako cha bunduki mpaka akapoteza jicho. Dada, tangu hapo kijiji hiki sicho ulichokiacha. Watu wazuri kabisa, watu wanaoimba kwaya nami, walianza kutembea na panga mchana wakienda kununua chumvi.

Ndipo ukaitishwa mkutano na sungusungu wakaundwa upya. Walimchagua mumeo Lyamba kuwa kamanda kwa sababu hanywi, na kwa sababu, kama walivyosema Wapimbwe wenzetu kwa kejeli, kazi ya filimbi na fimbo Wasukuma wamezaliwa nayo. Yeye alikubali kwa sharti moja, lile la kwa baba yake unalolijua wewe. Kwamba filimbi ikilia kila mtu atoke, sawa, lakini mtuhumiwa yeyote ambaye kamanda amemshika mkono, asiguswe na mtu. Mkono wa kamanda ukiwa juu yake, mtu huyo ni wa kamanda. Akimwachia, ni wa kijiji. Wakapiga makofi.

Na sharti hilo lilifanya kazi. Mara mbili walikamatwa wageni, mmoja muuza asali wa kutoka Mwese, mwingine fundi wa redio, na mara mbili Lyamba aliwashika mkono, akatoa simu, akanipigia mimi ofisini. Maana mimi ndiye ninayejua nani ameingia kwa maji na nani si wa maji. Nikasema huyu hakuja kwa maji, muulizeni mwenyeji wake ni nani. Yule wa asali mpaka alinyweshwa chai. Nilijiona mtu mkubwa, Angela. Nilitembea kijiji hiki kama vile nyota za mkuu wa Uhamiaji ziko begani kwangu, na mimi ni koplo tu.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana nyie mnadhani nagonga mihuri tu. Meli ikifika, wakala analeta orodha ya mabaharia. Mimi natakiwa nipande melini, niwapange mabaharia wote, nishike kitabu cha ubaharia cha kila mmoja, niilinganishe picha na uso, nimuulize kazi yake, kisha nichungulie jikoni na chumba cha injini nione kama hakuna wa ziada. Baharia akitaka kushuka nchi kavu, namwandikia kibali cha kushuka, kikaratasi chenye jina lake na saa ya kurudi, na kitabu chake kinabaki kwangu. Meli ikiondoka nawahesabu tena. Wakiingia kumi na mmoja, watoke kumi na mmoja.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilivyokuwa nafanya ni hivi. Mwezi wa nne ubao wa kupandia meli uliteleza nikaanguka majini na sare yangu, gati zima likacheka, na mumeo aliyekuja kunivuta alicheka kuliko wote. Tangu siku ile sikupanda tena. Nilikuwa nasimama gatini na orodha, naita majina, nao wananyoosha mikono kama watoto wa darasa la kwanza. Halafu vibali vya kushuka viliniishia mwezi wa sita. Sikuagiza vingine Mpanda kwa sababu kwenye ripoti ya mwezi nilikuwa nimeandika kwa uvivu kwamba bado vipo vingi, nikaona aibu kujikanusha. Kwa hiyo nikawa nachukua vitabu vyao na kuwaruhusu kwa mdomo, na kwenye daftari naandika kila siku maneno yale yale: hakuna aliyeshuka. Nani angejua? Walikuwa wanarudi wote.

Jumanne ile, siku moja baada ya Sabasaba, ilifunga meli ndogo ya mizigo iitwayo Mtakuja, kutoka ng'ambo, imekuja kupakia mchele. Watu kumi na mmoja. Upepo ulikuwa mkali, nikaita majina kutoka gatini. Baada ya hapo akanijia fundi msaidizi wa injini, Mrundi wa Rumonge, jina lake Arcade, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtu wa kushukuru kwa lugha tatu kabla hujampa kitu. Akaniambia mpishi wao anatapika na ana homa, anaomba akamnunulie dawa. Nikachukua kitabu chake, nikamwambia awe amerudi kabla ya saa nane. Alishukuru kama kawaida yake akaenda. Nikaandika hakuna aliyeshuka.

Kwenye duka la dawa walimsikia lafudhi. Halafu wakamwona mikono. Angela, mikono ya fundi wa injini haitakati hata aioshe kwa mchanga, na kijiji kizima kilikuwa kinatafuta watu wa injini. Wakamuuliza karatasi. Akasema kitabu changu anacho afisa wa bandari. Wakacheka, kwa sababu kila mgeni aliyeshuka kihalali walizoea kumwona na kikaratasi. Mtu mmoja akapuliza filimbi.

Nakueleza yaliyofuata kama nilivyoyakusanya kwa walioona, na mengine nimeyasikia kwa Lyamba mwenyewe. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni, akatema meno. Wakampiga bapa za panga mabegani. Alipojaribu kukimbilia gatini, Amosi akaja na kasia, akalishika kwa mkono wake mmoja uliobaki na kulikumbatia kwa kile kigutu, akampiga nalo mguuni, na waliokuwepo wanasema mfupa ulilia kama kuni kavu. Hapo ndipo Lyamba alipofika akikimbia kutoka kwenye ng'ombe. Aliingia katikati yao kwa kichwa kama fahali, akamshika yule mtu mkono, akamsimamia juu yake. Hawakumwacha mara moja. Alipigwa jiwe likampasua nyusi, alipigwa fimbo za mgongoni zilizokusudiwa mwingine, na damu yake ilikuwa inamwingia machoni. Hakuachia. Akawaambia kwamba mkono wake uko hapa, anayetaka aanze na yeye. Wakarudi nyuma hatua mbili tatu, bado wameshika mawe. Akatoa simu.

Kisha akaachia mkono.

Hapo ndipo wote mnapoishia, wewe, baba na kijiji. Baba anasema aliachia kwa sababu damu ya hao watu ni ya moto, na kwamba tangu siku ya posa alijua hujaolewa na mtu bali na fimbo. Najua kwamba ameshatuma ujumbe kwa wakwe zako waje kuchukua ng'ombe wao, na kwamba hataki mtoto aitwe Nyanzala kama walivyotaka kwao. Nayajua yote hayo, Ponsian aliniambia.

Nilifika pale baada ya nusu saa. Walikuwa wamekimbia, wameacha ndala na fimbo zimesambaa njiani. Sitakuandikia uso ulivyokuwa kwa sababu haukuwepo. Waliotumia makasia walitumia makasia, na mtu mmoja aliangusha juu yake jiwe la kusagia. Dawa za mpishi zilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Lyamba alikuwa amekaa chini pembeni yake, peke yake. Hakunitazama.

Kabla polisi hawajafika, mabaharia wa Mtakuja walishuka na nondo. Walichoma kibanda cha sungusungu, wakavunja milango, wakampasua kichwa bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa na hajui lolote. Walimkuta Lyamba palepale alipokaa. Wakauweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe, wakauvunja kwa nondo, vidole vitatu na kiganja. Alikuwa na nguvu ya kupambana, unamjua. Aliwapa tu. Polisi walipopiga risasi hewani ndipo mabaharia wakarudi melini, na aliyekamatwa akawa ni yule mmoja ambaye hakukimbia.

Jioni ile nahodha alikuja ofisini kwangu. Aliogopa meli yake itazuiwa na mchele uoze. Mimi niliogopa yangu. Hatukuongea maneno mengi. Akaandika kwamba baharia wake mmoja alitoroka melini bila ruhusa ya mtu, nikagonga muhuri, na alfajiri meli ikaondoka na watu kumi. Arcade akazikwa hapa kama mtoro aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Msalaba wake hauna jina.

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda mahabusu Mpanda kumwona mumeo. Mkono wake umefungwa mpaka kwenye kiwiko na hautakamua ng'ombe tena. Nilimpelekea sabuni na ugali wa mtama. Aliuliza habari zako kwanza, akauliza kama ulijifungua salama, akacheka kusikia ni wa kike. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo: "Shemeji, wewe una kazi ya serikali, na kwenu ndiyo inayosomesha wadogo zenu. Mimi nina fimbo tu. Polisi sijawaambia kitu, na wewe usiwaambie."

Sasa nakujibu swali lako.

Simu aliyoipiga Lyamba alinipigia mimi. Ilinikuta ofisini, na pembeni yangu amekaa Mkaguzi Gideon, mkuu wangu kutoka mkoani, aliyekuja siku ile bila taarifa. Alikuwa ameshika daftari langu, kidole chake kiko juu ya mstari wa hakuna aliyeshuka, ananiuliza kama mabaharia wote kumi na mmoja wako melini. Nilikuwa nimeshamjibu kwamba wote wako. Simu ikalia. Lyamba akasema kwa haraka kwamba ana mtu mkononi, Mrundi mrefu, anasema kitabu chake ninacho mimi, je, ni wangu? Nyuma yake nilisikia kelele. Angela, nilizisikia. Kitabu chenyewe kilikuwa kwenye droo, goti langu limeigusa.

Nikasema: "Hapana, huyo simjui."

Akaniuliza tena, "Shemeji, una hakika?" Nikasema nina hakika, nikakata. Gideon akauliza ni nani, nikasema ni shemeji yangu, anatafuta mnunuzi wa ng'ombe. Moyoni nilijidanganya kwamba watamfunga kamba tu, wamweke, na Gideon akitoka kwenda kula nitapiga simu na kurekebisha. Gideon alitoka baada ya dakika kumi na tano. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena mara sita, ndipo nikavua viatu nikakimbia.

Kwa hiyo mumeo hakumpiga, dada. Hakuinua fimbo wala jiwe. Aliachia mkono, na aliachia kwa sababu aliamini neno la mdogo wako kuliko la mtu aliyekuwa anavuja damu miguuni pake. Kuachia kule ni kosa lake, yeye mwenyewe anasema atalijibia mahakamani na hataki kuokolewa nalo. Lakini anajibia na la kwangu pia, na amelibeba wiki sita bila kulitaja jina langu. Mimi wiki hizo sita nimeenda kazini, nimeimba kwaya, nimepokea komunyo mara mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nangoja kifo kimuumbue mwingine.

Kitabu cha Arcade sikukichoma. Nilikificha ndani ya debe la unga, nikawa kila nikisonga ugali nachota pembeni yake. Kuna ukurasa wa ndugu wa kuarifiwa, ameandika jina la mama yake, Scholastique, wa Rumonge, na namba ya simu ya jirani. Jina ni kama langu. Mama huyo mpaka leo anadhani mwanawe yuko ziwani.

Kesho Jumatatu asubuhi naenda Mpanda. Nitaanza kwa Gideon, kisha polisi, na nimeshaandika maelezo yangu kurasa nne, pamoja na habari ya ule muhuri niliomgongea nahodha. Kitabu nitakikabidhi. Namba ya Rumonge nimeinakili, nitapiga mwenyewe kabla hawajanichukua simu, kwa sababu sitaki mama yule aambiwe na mtu asiyejua mwanawe alikufa akifuata dawa. Kazi itakwenda. Ada za wadogo zetu sijui zitatoka wapi, na hilo mwambie Ponsian ajiandae. Huenda nikalala pale anapolala Lyamba, upande wa wanawake.

Sikuombi msamaha ndani ya karatasi, ni rahisi mno. Nakuomba mawili. La kwanza, msomee baba barua hii kwa sauti yako, yote, bila kuruka, kabla wakwe zako hawajafika kwa habari ya ng'ombe. La pili, arobaini ikiisha, panda basi la Sitalike uje Mpanda na mtoto siku ya kuona mahabusu. Lyamba amshike kwa ule mkono mzima.

Na kuna jambo aliloniambia Lyamba siku ile mahabusu, akasema hataniambia tena, na mimi sijamwambia padri. Simu yake unaijua inavyopiga kelele, hata ikiwa sikioni mtu wa pembeni anasikia. Alipokuwa amemshika Arcade na mimi nikapokea, nikasema haloo, yule mtu aliitambua sauti yangu. Kwa mdomo ule usio na meno alitabasamu, akamwambia Lyamba: "Ndiye huyo, asante." Alishukuru kabla sijajibu.

Msalimie mama, mwambie unga wa muhogo alionitumia ulifika. Msalimie Ponsian na watoto wake, Lucia na wenzake wa kwaya ya Kasansa, na bibi Verdiana wa ng'ambo ya mto kama bado anatukana watu. Baba msalimie baada ya kumsomea, si kabla. Mtoto mpe jina walilolitaka kwa baba yake. Akikua akauliza mama yake mdogo ni nani, mwambie lolote utakaloona linafaa, mradi liwe kweli.

Mimi mdogo wako niliyenyonya ziwa moja nawe,

Scola